Mwanga wa polaraiza kwenye hadubini ya skuli: giza halikamiliki na rangi ziko kila pahala

mwalimu_wete:

Assalaam alaykum jamani. Mimi nasomesha baiolojia sekondari huku Wete, skuli yetu ina hadubini moja nzuri ya macho mawili, taa yake LED, lenzi za 4, 10, 40 na ile ya mafuta ya 100. Nimeona kwenye intaneti picha za chembe za wanga zilizopigwa kwa mwanga wa polaraiza, yaani mwanga unaotetema upande mmoja tu, kila chembe ina msalaba mweusi na pembeni inang'ara, nyengine za fuwele ndani ya majani, yaani mtu unatizama hutaki kuondoka. Nnataka wanafunzi wangu waone vitu hivyo kwa vitu vya hapa hapa, muhogo, majimbi, karafuu, mwani, sio picha za kitabuni tu.

Nilichofanya ni hivi, nimeletewa miwani ya sinema ya 3D kutoka Dar, nikavitoa vioo vyake viwili, kimoja nimekilaza juu ya taa chini ya kondensa, ile lenzi ya chini ya meza inayokusanya mwanga, na cha pili nakishika kwa mkono juu ya lenzi ya jicho. Slaidi zetu ni za plastiki, zilikuja pakiti nzima pamoja na hadubini. Sasa matatizo mawili. Nikikizungusha kioo cha juu uwanja hauwi mweusi kabisa, unabadilika rangi kidogo tu, mara unaenda kwenye samawati mara kwenye hudhurungi. Halafu rangi ziko kila pahala, hata slaidi tupu isiyo na kitu ina michirizi ya upinde wa mvua. Wanga wa muhogo nnauona unang'ara ng'ara lakini msalaba hauko wazi. Je, tatizo ni miwani, hadubini, au namna nnavyotayarisha? Na lazima ninunue hadubini maalumu ya polaraiza? Bei zake nimeziona na skuli haiwezi.

fundi_vioo_darajani:

Waalaykum salaam maalim. Mie kazi yangu kutengeneza simu na laptop hapa mjini, vioo hivi navivua kila siku, kwa hiyo hapo kwenye miwani nakujibu mimi, ya seli na fuwele watakuja wenyewe wenye fani.

Kioo cha miwani ya 3D si polaraiza tupu, yaani ile karatasi inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Ni polaraiza iliyobandikwa utando mwengine unaofanya mwanga uende kwa mduara, na huo utando uko upande wa nje, upande unaokaa karibu na jicho ndio polaraiza ya kawaida. Wewe bila shaka kimoja kati ya viwili kimekaa kinyume, ndio maana ukizungusha huoni giza unaona rangi tu inabadilika. Kiweke cha chini upande wa jicho utizame juu, na cha juu upande wa jicho utizame chini, yaani zile pande za jicho zitizamane na sampuli yako iwe baina yao. Jaribu kwanza kwa mkono mbele ya dirisha, ukizungusha kimoja lazima ufike pahala kunakuwa giza, usipofika kigeuze.

Lakini ukitaka kitu kizuri zaidi nenda kwa fundi yeyote hapo Wete au Chake umuombe kioo kibovu cha laptop au kalkuleta ya zamani. Kioo cha LCD kina karatasi mbili za polaraiza, moja mbele moja nyuma. Ya mbele kwenye laptop nyingi imefanywa ya ukungu ukungu isirudishe mwanga, hiyo ifae chini kwenye taa tu, usiiweke juu kwa sababu itafifisha picha. Ya kalkuleta ya mbele ni safi na ndogo, inatosha vizuri kwa juu, ya nyuma kwenye kalkuleta huwa imebandikwa karatasi ya fedha ya kurudishia mwanga kwa hiyo iache. Simu za kisasa zenye skrini za OLED zina karatasi moja tu ya mbele na nayo ni ya mduara vile vile kama miwani yako.

Kuivua, ipashe moto kidogo kwa drai ya nywele, anzia pembeni kwa wembe, halafu vuta polepole ukiilaza chini chini, usiivute kwenda juu. Vaa miwani na glavu kwa sababu kioo cha LCD ni chembamba na kikivunjika vipande vinaruka. Gundi iliyobaki ifute kwa spiriti na pamba, muda mwingi lakini inatoka. ASETONI USITIE KABISA, ile plastiki ya juu ya karatasi inageuka nyeupe hapo hapo na ndio basi tena. Kujua kama karatasi yako nzima, washa laptop yenye skrini ya LCD uweke ukurasa mweupe, izungushe karatasi mbele yake, skrini ikizima nyeusi tii basi karatasi yako ni nzuri.

mawe_tu:

Mwalimu mimi ningekwambia usijisumbue, polaraiza ya kweli ina meza ya kuzunguka yenye digrii, lenzi zisizo na mkazo ndani na sehemu ya kupachika sahani ya rangi. Bila ya hivyo hupimi kitu. Sisi wa jiolojia hatuwezi kufanya kazi kwa karatasi za kalkuleta. Omba chuo kikuu kikuazime.

maabara_chake:

Ndugu mawe_tu umesema kweli kwa upande wa kupima miamba, lakini mwalimu hapimi pembe za madini, anataka kuona ni kitu gani ndani ya tishu kimepangika na kipi hakikupangika, na hilo karatasi mbili nzuri zinatosha kabisa. Tena watu walianza na vitu duni kuliko hivyo. Prizimu ya Nicol ilitengenezwa 1828 kwa vipande viwili vya fuwele ya kalsaiti vilivyogundishwa, ikatumika kwenye maikroskopu miaka mingi kabla mvumbuzi wa Kimarekani Edwin Land hajatengeneza karatasi ya polaraiza mwishoni mwa miaka ya 1920.

Mwalimu, ile michirizi ya upinde wa mvua kwenye slaidi tupu ni plastiki yenyewe. Plastiki inapomiminwa kwenye kalibu na kupoa inabaki na mkazo ndani, molekuli zake zinavutika upande mmoja, basi inafanya kazi ile ile ambayo unataka sampuli yako iifanye. Ziweke kando zote, na kava slipi (vile vipande vyembamba vya kufunikia sampuli) za plastiki pia, tumia za kioo. Hata kisahani cha plastiki usikiweke kwenye njia ya mwanga. Hilo peke yake litakupa nusu ya ulichokosa.

Nusu ya pili ni hapo unapokishika kioo cha juu. Kichwa cha macho mawili kina prizimu ndani za kugawa mwanga, na zenyewe zinauchezea mwanga kabla haujafika jichoni. Fungua ile skrubu ya pembeni inayokishika kichwa, kinyanyue, utaona tundu la duara, kata karatasi kwa ukubwa wa tundu uilaze pale, rudisha kichwa. Sasa zungusha ya chini mpaka uwanja uwe mweusi kuliko wote. Ikibaki kijivu funga kidogo tundu la kondensa, mwanga unaokuja kwa pembe kali sana ndio unaovuja, na kwa sababu hiyo hiyo lenzi ya 100 iache tu, hutapata giza zuri nayo. Kazi zako zote fanya kwa 10 na 40.

Jambo ambalo naliona watu wengi hawaambiwi: sampuli LAZIMA uizungushe. Mwanga ukiingia kwenye kitu kilichopangika, mfano selulosi kwenye ukuta wa seli, unapasuka njia mbili zenye kasi tofauti, mmoja unachelewa, na zikifika kwenye karatasi ya juu zinakutana zikiwa hazilingani tena, ndipo unapoona kunang'ara. Ndio bairifrinjensi yenyewe hiyo. Lakini uzi ukilala sambamba na moja ya zile polaraiza mbili haupasuki, unabaki mweusi, ukiugeuza nyuzi 45 unawaka kuliko pote, na katika mzunguko mzima unazima mara nne. Kwa hiyo ukitizama bila kuzungusha ukasema hapa hamna kitu, labda kipo kimelala vibaya tu. Meza yako haizunguki, sawa, geuza slaidi kwa vidole au zizungushe karatasi zote mbili kwa pamoja.

Wanga una tabia yake. Chembe imejengwa kutoka kitovuni kwenda nje pande zote, basi ukigeuza slaidi msalaba wenyewe HAUGEUKI, mikono yake inabaki kwenye njia za polaraiza. Kitu kikiwa na msalaba unaosimama pale pale wakati wewe unageuza, ujue kimepangika kwa duara. Muhogo chembe zake za mviringo, nyengine kama zimekatwa upande mmoja, na msalaba uko kati kati. Mbatata ni kubwa zaidi, zina umbo la yai na msalaba umekaa ukingoni. Mchele ni vichembe vidogo vyenye pembe, hata kwa 40 utapata tabu kuona msalaba.

Na hichi kifanye na wanafunzi tafadhali: unga wa muhogo kwenye maji, uweke kwenye bakuli la maji ya moto yenye themomita, kila ukipanda nyuzi kadhaa chota tone utizame. Ukifika baina ya 60 na 70 misalaba inaanza kupotea, chembe zinavimba na zinazima, maana ule mpango wa ndani umevunjika. Uji ukishaiva humo ndani hamna msalaba hata mmoja. Hakuna somo la wanga ninalolijua linalofahamika haraka kuliko hilo.

mwalimu_wete:

Mashallah, shukran sana nyote, hapa nishapata cha kufanya wiki nzima. Kioo cha laptop kibovu nimepata na slaidi za kioo nimeazima skuli ya jirani. Suali moja la rangi. Zile picha za intaneti zina zambarau, manjano, buluu, na mimi naona kuta za seli na nyuzi zinatoka nyeupe na kijivu tu. Nimekosa wapi? Halafu majimbi na karafuu nianze vipi?

maabara_chake:

Hujakosa popote. Rangi inategemea unene wa kitu ukizidisha na tofauti ya zile kasi mbili, na vipande vya tishu ni vyembamba mno, mwanga unachelewa kidogo tu, basi unapata kijivu mpaka nyeupe, ndio mwanzo wa mpangilio wa rangi ambao mwanajiolojia wa Kifaransa Michel-Lévy aliuchora kwenye chati yake 1888. Nyingi ya zile za zambarau wameongeza sahani inayochelewesha mwanga wimbi moja zima, kama nanomita 550. Unaweza kuifanya kwa selotepu safi ya kung'aa kwenye kava slipi ya kioo, bandika tabaka baada ya tabaka kwa upande mmoja, iweke kwa nyuzi 45 baina ya polaraiza, simama pale uwanja unapokuwa zambarau iliyoiva. Hapo nyuzi zinazolala upande mmoja zitaenda buluu na zinazolala upande wa pili zitaenda manjano, na hiyo rangi sasa inakwambia kitu, inakwambia uzi umeelekea wapi. Bila ya hiyo sahani, usiione picha ya kijivu ukadhani ni mbaya, mara nyingi ndiyo yenye ukweli zaidi.

Majimbi ni rahisi sana. Kata bua la jani au jimbi lenyewe bichi, kamua utomvu tone moja kwenye slaidi, maji kidogo, kava slipi. Utaona sindano za kalsiamu oksaleti, nyengine zimetawanyika na nyengine bado ziko ndani ya seli yao, zimelala pamoja kama njiti za chelewa kwenye ufagio, zinawaka nyeupe kali kwenye giza. Hizo ndizo zinazowasha koo jimbi lisipoiva vizuri. Wanafunzi wasishike macho mpaka wanawe mikono. Vanila nayo ina sindano hizo hizo, nanasi pia.

Karafuu inataka subira kwa sababu ina mafuta mengi na rangi nzito. Saga, loweka kwenye spiriti uimwage mara mbili tatu mafuta yatoke, halafu jiki iliyochanganywa na maji mpaka ipauke, osha sana, weka kwenye gliserini. Ndani ya karafuu yenyewe utakuta fuwele za oksaleti zilizoshikana mafundo mafundo yenye ncha. Kwenye makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, hali ni nyengine, fuwele ni vijiboksi vyenye pande zilizonyooka na kuna seli za mawe, kuta nene, nazo zinang'ara. Na karafuu iliyoachwa mtini mpaka ikawa tunda ina wanga, wakati karafuu iliyochumwa kwa wakati wake haina. Kwa hiyo unga wa karafuu ukiuona na misalaba ya wanga au na seli za mawe nyingi, umechanganywa. Kisiwa kinacholima karafuu namna hii, nadhani kila mtoto wa sekondari Pemba angestahiki kuliona hilo kwa jicho lake.

bahari_jambiani:

Naomba niongeze ya baharini kwa sababu mwalimu umetaja mwani. Mwani usitarajie makubwa, selulosi kwenye kuta zake ni kidogo kwa hiyo unang'ara hafifu ukiulinganisha na pamba au usumba wa nazi. Chembe zake za wanga ni ndogo, zitafute kwa 40. Ila ukitaka kitu cha kuwashangaza chukua jongoo bahari. Kipande kidogo tu cha ngozi, hata cha jongoo aliyekaushwa, usiende kuua mzima maana wamevuliwa kupita kiasi. Kitie kwenye jiki dakika chache nyama iyeyuke, acha mchanga mweupe utuwame, mwaga, osha kwa maji mara kadhaa taratibu. Ule mchanga ni vijifupa vya kalsaiti, vyengine kama vimeza vyenye matundu, vyengine vifungo, kwa maumbo hayo ndio wataalamu wanatenganisha spishi. Ndimu au siki usitumie, inaviyeyusha.

Sasa chini ya polaraiza kila kijifupa kinawaka chote na ukigeuza kinazima chote kwa pamoja, kona zote, kwa sababu pamoja na matundu yake yote kimejengwa kama fuwele moja. Kiti cha pweza naye yuko hivyo hivyo, wote ni ukoo mmoja. Halafu weka pembeni miba ya sponji ya kawaida, ile ya silika, utaona haiwaki kabisa, ni kioo kisichopangika. Ukiziweka mbili hizo kwenye slaidi moja mwanafunzi hahitaji maelezo marefu.

Na kitu kinachonifanya niipende njia hii ni kwamba huhitaji kutia rangi wala kuua seli. Mwanabaiolojia Shinya Inoué 1953 alionesha kwa polaraiza zile nyuzi zinazovuta kromosomu kwenye seli hai zinazogawanyika, wakati huo wengi walikuwa bado wanabishana kama nyuzi zile zipo kweli au zinatokana na dawa za kuhifadhia sampuli. Hadubini yake ilikuwa ya kiwango cha juu sana, kwa karatasi ya kalkuleta hutaziona, lakini msingi ni huo huo.

mstaafu_wa_vipimo:

Vijana mmenifurahisha. Nimefanya kazi maabara ya hospitali miaka mingi, naomba wanafunzi waambiwe kwamba jambo hili linatibu watu. Mgonjwa akivimba goti ghafla, maji ya kwenye goti yakitizamwa kwa polaraiza pamoja na ile sahani ya wimbi moja, fuwele za yureti za jongo, ugonjwa wa viungo, zinaonekana sindano, za manjano zikilala sambamba na mhimili wa taratibu wa sahani, yaani upande ambao mwanga unakwenda polepole zaidi, na buluu zikiukata mhimili huo. Ugonjwa mwengine unaofanana nao wenye fuwele za kalsiamu unatoa rangi kinyume. Madaktari McCarty na Hollander walilionesha la yureti 1961 na mpaka leo ndio kipimo kinachoaminiwa. Na protini ya amiloidi, ile iliyokunjika vibaya ikajikusanya kwenye tishu, ikitiwa rangi ya Kongo nyekundu inatoa kijani cha tufaha chini ya polaraiza. Ila kwa selotepu msimpime mtu, hizo ni za kusomea tu.

mwalimu_wete:

Jamani msalaba umetoka! Mweusi kabisa, na nikigeuza slaidi haugeuki kama ulivyosema maabara_chake. Majimbi wanafunzi walikuwa wanagombania kiti. Sasa picha za simu ndio zinanishinda, uwanja mweusi kwa jicho lakini simu inaugeuza kijivu chenye chenga na fuwele zinakuwa madoa meupe tu. Na kwenye slaidi tupu naona nyuzi ndefu zinazong'ara, sijui zimetoka wapi.

fundi_vioo_darajani:

Simu inaona giza inadhani ni usiku, inafungua mwanga mpaka mwisho. Gusa fuwele kwenye skrini ubonyeze ushikilie mpaka ijifunge, halafu shusha mwangaza kwa kidole mpaka uwanja uwe mweusi tena. Zima HDR, ile inayochanganya picha kadhaa kusawazisha mwanga na giza, na ile hali ya usiku. Kama kamera ina sehemu ya kuweka mwenyewe, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, chini kabisa na muda urefushe, simu iwe imekaa kwenye kishikio, hata cha kipande cha bomba na raba, mkono hautulii kiasi hicho. Rangi nayo ifunge kwa taa ya hadubini bila ya polaraiza ya juu, la sivyo kila picha itakuwa na weupe wake.

maabara_chake:

Nyuzi ndefu ni pamba ya kitambaa ulichofutia slaidi, selulosi tupu, inang'ara kuliko sampuli. Futa kwa karatasi ya lenzi na kabla ya kila sampuli tizama slaidi tupu kwanza. Pembe za mapovu ya hewa nazo zinatoa mwanga, usizihesabu fuwele.

Kila pahala unapopenda piga picha tatu bila kusogeza slaidi: moja ukiwa umeitoa polaraiza ya juu, ya pili polaraiza zikiwa zimekatana, yaani pale uwanja unapokuwa mweusi, ya tatu zimekatana na umezungusha zote mbili pamoja nyuzi 45. Piga picha ya rula ya milimita pia kwa lenzi ya 4 na ya 10 upate kipimo, na kwenye jina la faili andika lenzi na pembe, mfano jimbi_40_digrii45. Ukizipakia hapa zote tatu tutaweza kukwambia ni kitu gani, ukipakia ile nzuri peke yake hatutaweza.